Pati 31, mikwaju 95: kadi yako inasema nini?

Safu yote ya toleo hili tumeitoa kwa barua za pati za gofu, yaani mikwaju inayopigwa mpira ukiwa umeshatua juu ya grini, lile eneo la nyasi fupi lenye shimo. Jibu la kwanza ndilo la msingi, na mengine yanaliegemea, kwa hiyo ni vizuri kuanza nalo. Umbali tumeuandika kwa mita. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni kama sentimita 90, na uwanjani hicho ndicho kipimo ambacho hutakisahau nyumbani.

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Nimehesabu pati zangu kwa raundi sita na wastani ni 31. Mwenzangu ninayecheza naye kila wiki wastani wake ni 33, ila yeye humaliza kwa mikwaju 82 na mimi 95. Nimemwambia kwamba kwenye grini mimi namzidi, shida yangu iko kwingine. Je, niko sahihi?

JIBU: Kwamba shida yako kubwa iko kwingine, umesema kweli. Toa pati kwenye jumla: wewe unabaki na mikwaju 64, yeye 49. Mikwaju 15 imeshapotea kabla hamjachomoa fimbo ya pati kwenye begi. Lakini kwamba unamzidi kwenye grini, hapo tunakuomba usimame kidogo. Namba hizo hazithibitishi hivyo, na yumkini zinaonyesha kinyume.

Idadi ya pati kwenye shimo hutokana na mambo mawili: ustadi wako, na mahali mpira ulipokuwa ulipoanza kupati. Kadi ya matokeo huyaandika yote mawili kwa namba moja, kama mtu anayepandisha magunia mawili kwenye mizani kisha akadai anajua uzito wa moja. Anayekosa grini hupiga chipu, ule mkwaju mfupi wa kuuinua mpira kutoka pembeni, na mpira hukaa mita mbili au tatu kutoka shimoni. Anayefika grini kwa mkwaju mrefu hubaki mita nane, tisa, hata kumi na tano. Wa kwanza ana nafasi nzuri ya kumaliza kwa pati moja. Wa pili akimaliza kwa mbili, amefanya kazi yake vizuri kabisa.

Takwimu za wachezaji wa kulipwa wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya gofu wa Marekani, zinaonyesha jinsi nafasi hiyo inavyoporomoka haraka. Kutoka mita 0.9 huingiza pati 96 kati ya 100. Mita 1.5, 77. Mita 2.4, nusu kwa nusu. Mita 3, 40. Mita 6, 15. Mita 9, 7 tu. Tunazungumza juu ya mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo, kwenye grini zilizotunzwa kama zulia. Kwa mchezaji ambaye kawaida yake ni mikwaju 90, ile nusu kwa nusu haiko mita 2.4 bali mita 1.5.

Sasa tujaribu hesabu. Tuseme wewe unafika grini kwa hesabu (mikwaju miwili chini ya paa, yaani idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo) mara 3 kwa raundi ukiwa mita 9, na kwenye mashimo 15 yaliyobaki unachipu na kuacha mita 2.4. Mwenzako anafika mara 9 akiwa mita 9, na mashimo 9 anachipu kama wewe. Mpe mchezaji mmoja wa kulipwa apati kwenye nafasi zenu zote. Wastani wake kutoka mita 2.4 ni pati 1.50, na kutoka mita 9 ni 1.98. Kwenye nafasi zako atatumia pati 28.4, kwenye nafasi za mwenzako, 31.3. Mtu yuleyule, fimbo ileile, na tofauti ni karibu pati 3. Ninyi wawili mmetofautiana kwa 2. Kama picha hii inafanana na raundi zenu, basi mwenzako amekula sehemu ya pengo alilopaswa kuwa nalo, na yeye ndiye anayekuzidi kwenye grini.

Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na siku mbaya sana kwa fimbo za chuma, zile za kupigia mpira kuelekea grini, akose grini karibu zote, kisha akarudi na pati 28 na kuamini amepati kama bingwa. Alichofanya vizuri siku hiyo ni kuchipu, na kadi imeipa sifa fimbo isiyohusika.

SWALI: Nimesikia wachezaji wakubwa hupimwa kwa mikwaju iliyookolewa badala ya idadi ya pati. Je, sisi tusio na vifaa tunaweza kuihesabu?

JIBU: Mnaweza, tena kwa penseli na kadi ya kawaida. Kipimo hicho kilibuniwa na Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia kwa kutumia kumbukumbu za mikwaju za PGA Tour, na mwaka 2011 PGA Tour ikaanza kukitumia rasmi kwa upande wa pati. Msingi wake ni mwepesi: kwa kila umbali inajulikana wachezaji wa kulipwa hutumia pati ngapi kwa wastani. Ukitumia chache kuliko wastani huo umeokoa. Ukitumia nyingi umepoteza.

Nakili namba hizi nyuma ya kadi yako. Mita 0.9, wastani ni 1.04. Mita 1.2, 1.13. Mita 1.5, 1.23. Mita 1.8, 1.34. Mita 2.4, 1.50. Mita 3, 1.61. Mita 4.5, 1.78. Mita 6, 1.87. Mita 9, 1.98. Mita 12, 2.06. Mita 18, 2.21. Ukiwa katikati ya umbali mbili, kadiria.

Kwenye kila shimo andika vitu viwili tu: hatua za pati ya kwanza na idadi ya pati. Ukifika nyumbani, chukua wastani wa jedwali na utoe idadi uliyopiga. Mfano wa mashimo manne. La kwanza, mita 6, pati mbili: 1.87 toa 2, umepoteza 0.13. La pili, mita 2.4, pati moja: umeokoa 0.50. La tatu, mita 12, pati tatu: umepoteza 0.94. La nne, mita 0.9, pati moja: umeokoa 0.04. Jumla umepoteza 0.53. Angalia kwamba pati zote ni 7 kwa mashimo manne, chini ya mbili kwa shimo, na mwenye kuhesabu pati tu angeridhika. Zingatia pia kwamba kosa moja la mita 12 limemeza kila kilichookolewa na zaidi.

Usivunjike moyo ukiona karibu kila raundi unapoteza. Unajilinganisha na wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kinachokuhusu ni kama pengo linapungua, na linatokea umbali gani.

Hesabu hii huharibika kwa njia chache zinazojirudia. Ya kwanza ni mkwaju wa fimbo ya pati kutoka ukingoni mwa grini: huo hauhesabiwi kuwa pati, hata kama fimbo ni ileile, kwa kuwa mpira haukuwa juu ya grini. Ya pili ni kusameheana. Mpira uliobaki sentimita 70 na mwenzako akasema "chukua" haujaingia. Ukiuandika umeingia mara tano kwa raundi, takwimu zako za pati fupi hazina maana tena. Ya tatu ni kukadiria umbali baada ya raundi. Kumbukumbu hurefusha pati zilizoingia na kufupisha zilizokosa, na hakuna aliyesalimika na tabia hiyo. Hesabu hatua unapotembea kutoka kwenye mpira kwenda shimoni kusoma mteremko, safari ambayo ungeifanya hata hivyo, na upite pembeni ya njia za mipira ya wenzako.

Kisha kuna bahati, ambayo wengi hawaihesabu kabisa. Chukua mtu ambaye kweli huingiza nusu ya pati zake za mita 2.4. Akipiga kumi, kuingiza tatu si kuporomoka na kuingiza saba si kupanda daraja; karibu mara 9 kati ya 10 atakuwa mahali fulani kati ya tatu na saba bila chochote kubadilika mkononi mwake, sawa na anayerusha sarafu. Raundi moja haikuambii kitu. Kusanya angalau kumi kabla ya kubadilisha fimbo au mshiko.

SWALI: Ninapiga pati tatu mara nne au tano kila raundi. Najitahidi kusoma mteremko kwa makini lakini hazipungui. Nifanye nini?

JIBU: Pengine unatibu ugonjwa usio wako. Pati tatu nyingi huzaliwa kwenye nguvu ya pati ya kwanza kuliko kwenye mwelekeo wake. Fikiria pati ya mita 10. Ukikosea mwelekeo kwa nyuzi 1, mpira utapita sentimita 17 hivi kando ya shimo, na hiyo ya pili unaigusa tu. Ukikosea nguvu kwa asilimia 10, umebaki mita nzima nyuma au mbele. Asilimia 10 ni kosa la kawaida sana. Nyuzi 3 kwenye pati iliyonyooka ni kosa la kushangaza. Tukirudi kwenye namba za juu: anayecheza 90 akiacha mpira mita 1.5, atakosa nusu ya pati za pili. Akiuacha ndani ya mita 0.9, ataingiza zaidi ya mara 8 kati ya 10. Hapo ndipo pati tatu zako zinapoishi, kwenye ile sentimita 60 ya katikati.

Hata mabingwa hawakwepi. Kutoka mita 9 hupiga pati tatu karibu mara 5 kati ya 100, mita 12 mara 10, mita 18 mara 23. Kwa hiyo chunguza kwanza kadi yako: hizo pati tatu zinaanzia wapi? Kama nyingi zinaanzia mita 15 na kuendelea, sehemu ya dawa ni kulenga katikati ya grini badala ya ukingo ulio mbali na bendera. Kama zinaanzia mita 7 au 8, ni nguvu, na dawa iko kwenye grini ya mazoezi.

Weka alama za mita 6, 9 na 12 kutoka shimoni. Kwa vijiti vya tii, vile vya kuinulia mpira wakati wa kuanza shimo, zungushia shimo duara la hatua moja kila upande. Piga mpira mmoja kutoka 6, mmoja kutoka 12, mmoja kutoka 9, na ubadilishe mpangilio kila mzunguko. Wengi hukosea hapa: hupiga mipira mitano mfululizo kutoka mahali pamoja, na kufikia wa tatu mkono umeshajirekebisha. Uwanjani hupewi mpira wa tatu. Piga 12 kwa jumla na uandike mingapi imesimama ndani ya duara. Kupandisha na kushusha mteremko viwe na hesabu zao tofauti, maana wapo wanaofika vizuri kwenye tambarare lakini kila pati ya kupanda inawaishia njiani.

Kabla ya kuulaumu mkono, kagua mguso. Paka unga wa chaki kwenye uso wa fimbo, piga mipira kumi ya mita 9, kisha tazama alama. Mpira uliogongwa pembeni kuelekea ncha ya fimbo hupata nguvu kidogo kuliko uliogongwa katikati, ingawa umeivuta fimbo sawasawa. Alama zikiwa zimetawanyika upana wa sentimita tatu, hakuna zoezi la nguvu litakalokusaidia hadi uzikusanye.

SWALI: Kuna usemi kwamba mashindano hushindwa kwenye grini. Nina saa tatu za mazoezi kwa wiki. Nizitumie zote kupati?

JIBU: Hapana. Usemi huo una ukweli wake, ila ni ukweli wa wiki moja. Uchambuzi wa Broadie ulionyesha kwamba kwa wachezaji bora wa PGA Tour, pati huchangia takribani asilimia 15 ya kinachowatenganisha na wenzao. Mikwaju ya kuelekea grini huchangia kama asilimia 40, ya kuanzia kwenye tii kama 28, na michezo mifupi ya kuzunguka grini 17. Kwa sisi wa kawaida sura ni ileile: kati ya mchezaji wa mikwaju 80 na wa 90, theluthi mbili hivi ya tofauti hutokea mbali zaidi ya mita 91 kutoka shimoni.

Sababu yake inafaa kueleweka. Kwenye grini nafasi ya kutofautiana ni nyembamba. Pati ya nusu mita karibu kila mtu anaiingiza, ya mita 12 karibu kila mtu anaikosa. Ustadi unaonekana hasa kati ya mita 1 na 4, na katika kuzuia pati tatu. Mkwaju wa mita 150 hauna mipaka hiyo. Mmoja atakuwa mita 6 kutoka bendera na mwingine ndani ya maji.

Ule usemi unatoka wapi basi? Mtu aliyeshinda mashindano ya wiki hiyo kwa kawaida alipati vizuri kuliko kawaida yake, na kwa washindi mchango wa pati hupanda hadi karibu theluthi. Watazamaji huona kikombe na pati za mwisho, hawaoni mikwaju iliyomfikisha pale.

Kwa saa zako tatu tungetoa kama dakika 45 kwa pati. Lakini kama hesabu ya mikwaju iliyookolewa inaonyesha unapoteza zaidi ya mikwaju minne kwa raundi, ongeza hadi saa moja na nusu kwa miezi miwili, maana hapo pati imekuwa mzigo usio wa kawaida.

SWALI: Kipimo cha pati kwa grini zilizofikiwa kwa hesabu kinatofautianaje na pati za raundi nzima?

JIBU: Kinaondoa mashimo uliyochipu, kwa hiyo ni bora kidogo. Bado hakijui kama ulifika mita 3 au mita 15. Anayepiga fimbo za chuma kwa usahihi ataonekana fundi wa pati hata kama ni wa wastani.

SWALI: Mkufunzi wangu husema mpira usiofika hauingii, kwa hiyo nipige kila pati ipite shimo. Ni kweli?

JIBU: Kwa pati za ndani ya mita 3, mfuate. Uliosimama kabla ya shimo haukuwa na nafasi yoyote, na mpira wa kuvuka kwa sentimita 30 hadi 45 hushika mstari wake vizuri zaidi mwishoni. Usizidishe: mpira wa kasi huhitaji kupita karibu na katikati ya shimo ili uanguke, na uliogusa ukingo hutoka. Kwa mita 10 ushauri huo unakudhuru. Huko hata bingwa huingiza pati chache mno, na anayelazimisha zote zipite hujikuta akipiga mita 1.5 za kurudi siku nzima. Kutoka umbali huo, pati zako zikiwa nusu fupi na nusu zimepita, zote karibu, uko sawa. Ongeza safu ya tatu kwenye kadi, F kwa fupi na P kwa iliyopita, nayo itakuambia baada ya raundi chache unaelemea wapi.

SWALI: Takwimu zangu za mita 1.5 hazifiki hata mara 4 kati ya 10. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na jiometri, kwa sababu inatuliza. Shimo lina kipenyo cha milimita 108. Mpira wa polepole utaanguka mradi kitovu chake kipite ndani ya shimo, kwa hiyo una sentimita 5.4 kila upande. Kutoka mita 1.5 hiyo ni ruhusa ya nyuzi 2 kulia na 2 kushoto. Kutoka mita 3 ni nyuzi 1. Kutoka mita 10 ni thuluthi ya nyuzi.

Tafuta sehemu tambarare. Weka mpira, kisha sentimita 50 mbele yake chomeka vijiti viwili vya tii, nafasi kati yao sentimita 7.8. Mpira wenyewe una upana wa sentimita 4.3, hivyo unaopita katikati bila kugusa una mwelekeo wa kutosha kuingia kutoka mita 1.5. Piga 20. Ukifikia 18 zinazopita, punguza mlango hadi sentimita 6. Huo ndio mlango wa pati ya mita 3.

Kama mingi inapita mlangoni lakini haiingii, unasoma mteremko vibaya au unapiga kwa kasi mno. Kama inagonga kijiti kimoja tu siku zote, ni uso wa fimbo, ambao ndio unaoamua sehemu kubwa ya mwelekeo wa kuanzia, kuliko njia ambayo fimbo inapita. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kugonga kijiti cha kulia maana yake uso uko wazi wakati wa mguso. Kagua kwanza ulivyosimama: chora mstari kwenye mpira, uelekeze shimoni, na hakikisha uso wa fimbo unakaa kwa pembe mraba na mstari huo kabla hujavuta. Na kama inagonga vyote viwili kwa zamu, legeza mshiko, fupisha mvuto wa nyuma, na ukague chaki kwenye uso wa fimbo kama tulivyoeleza juu.